Mombasa: Nilale Upande Gani wa Maji?

Wiki hii tumezikusanya pamoja barua zinazouliza kuhusu malazi Mombasa. Karibu zote zinaanza na bei ya chumba, na hapo ndipo wageni wengi hukosea. Mombasa ni kisiwa. Upande wa magharibi unaingia kwa Makupa, kaskazini kwa Daraja la Nyali, kusini kwa kivuko cha Likoni. Uwanja wa ndege na stesheni ya treni ya SGR ya Miritini viko bara magharibi, fuo za mchanga ziko kaskazini na kusini, na Mji wa Kale, ofisi na hospitali kubwa ya serikali viko kisiwani. Basi kabla ya kuuliza chumba ni pesa ngapi, hesabu utayavuka maji mara ngapi kwa siku, na saa ngapi.

*Tunakuja Desemba, siku nne: mimi, mume wangu, watoto wawili na mama mkwe wa miaka sabini anayeumwa magoti. Tutapanda treni ya saa tisa alasiri kutoka Nairobi. Watoto wanataka bahari, mimi nataka kuona Fort Jesus. Tumeonyeshwa nyumba tatu, moja Nyali, moja Bamburi, moja Mtwapa. Ya Mtwapa ndiyo rahisi na ndiyo kubwa. Tuchukue ipi?*
Mama Wawili, Nakuru

Mama, ya Mtwapa iacheni. Si kwamba Mtwapa ni pabaya. Ni kwamba hesabu yenu haifiki huko. Treni hiyo hufika Miritini kama saa mbili usiku. Mkishachukua mizigo na kupata gari, mtapita Changamwe na Kibarani, muingie kisiwani kwa Makupa, mtoke tena kwa Daraja la Nyali. Ukiongeza Mtwapa, unaongeza barabara yote ya Malindi hadi daraja la pili, lile la mkono wa bahari wa Mtwapa, na huko mmeshaingia kaunti ya Kilifi. Bibi mwenye magoti mabovu atakuwa ameketi tangu Nakuru. Halafu siku ya kwenda Fort Jesus mtairudia njia hiyohiyo. Mtwapa pia ni mji wa starehe za usiku: nyumba ikiwa karibu na klabu, muziki hauzimwi mpaka alfajiri, na Desemba ndio msimu wenyewe.

Imebaki Nyali na Bamburi. Kwa safari yenu tungechukua Nyali, kwa sharti moja: iwe Nyali kweli. Jina hilo huvutwa kama mpira. Nyumba iliyo Kongowea, Bombolulu au Ziwa la Ng'ombe hutangazwa kuwa "Nyali", kama vile ya Kiembeni au Utange inavyotangazwa kuwa "Bamburi". Ni mitaa ya watu na ina maisha yake, lakini aliyelipia ufuo hatauona kutoka hapo. Swali moja hufichua ukweli: "Nikitoka getini kwenda baharini, navuka barabara ya Malindi?" Ukitoka mjini kuelekea Mtwapa, bahari iko kulia kwako. Nyumba iliyo kushoto itawalazimu kuvuka barabara ya magari ya kasi pamoja na watoto, kila mnapokwenda na kila mnaporudi. Mwenye nyumba akijibu "ni karibu tu", mwambie akutumie alama ya mahali kwenye ramani ya simu, kisha upime mwenyewe njia ya miguu. Zaidi ya dakika kumi kwa kijana ni nusu saa kwa mama mkwe.

Tena usipime hadi kwenye maji. Pima hadi penye njia ya kushukia. Ufuo wenyewe ni wa umma, lakini hoteli na nyumba binafsi zimejipanga mbele yake kwa ukuta mrefu, na vichochoro vya kupita ni vichache. Nyumba inaweza kuwa mita mia mbili kutoka majini, na njia ya kufika huko ikazunguka kilomita nzima.

Bamburi ina faida zake. Bustani ya Haller, ile iliyooteshwa juu ya machimbo ya kiwanda cha saruji, iko hapohapo, na ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao wenyeji wanauita Pirates, una farasi, ngamia, maboya ya kukodisha na kila kitu ambacho mtoto anakipenda. Lakini Krismasi, siku inayofuata na Mwaka Mpya, Pirates hujaa watu hadi mchanga hauonekani, na magari ya barabara ya Malindi husimama. Nendeni siku ya kawaida, asubuhi, kisha mrudi Nyali kulala.

Kwa mama mkwe, ombeni chumba cha chini. Msitegemee lifti. Muulizeni mwenye nyumba hivi: stima ikipotea, jenereta inaendesha lifti, au inawasha taa za ngazi tu? Majengo mengi ni hilo la pili. Ulizeni pia choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, na kama bafu lina kizingiti cha kuvuka.

Desemba upepo wa kaskazi ndio unaanza kushika, na joto linapanda mpaka Machi. Pangaboi kila chumba, hata kama kuna eyakondisheni, na chandarua kwenye kila kitanda. Angalieni kwenye picha kama chumba kina madirisha pande mbili. Chumba chenye dirisha upande mmoja, mbele yake ukuta wa jirani, hewa haipiti, na eyakondisheni itaunguruma usiku kucha. Hapo panakuja swali la tokeni za umeme: ni za nani? Wenye nyumba wengine huweka kiasi fulani, kikiisha mgeni anajinunulia. Kubaliana kabla, kwa maandishi kwenye simu.

Fort Jesus nendeni asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali. Wareno waliianza 1593, na kuta zake za matumbawe hushika joto la mchana kama tanuri. Tuktuk hubeba abiria watatu, kwa hiyo kwa watu watano mtahitaji mbili, na bei ikubaliwe kabla ya kukaa. Ndani kuna mteremko na ngazi. Bibi asilazimishwe kupanda kila mahali.

*Nimeitwa kwa mafunzo ya siku tatu pale Kilindini, naanza saa mbili asubuhi. Nilidhani nilale Bamburi ili jioni nione bahari. Ni wazo zuri?*
Kijana wa Kazi, Kitale

Kwa siku hizo tatu, hapana. Asubuhi za kazi, magari yote ya kaskazini yanabanana kwenye Daraja la Nyali kuingia mjini. Jioni yanabanana kutoka. Wewe utakuwa umo mara zote mbili. Lala kisiwani: Ganjoni ukitaka kwenda kazini kwa miguu au kwa tuktuk ya mwendo mfupi, Tudor ukitaka kimya zaidi. Jioni teremka Mama Ngina, kule wenyeji wanakoita Laitihausi. Kuna mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, kuna madafu, na meli zinapita mbele yako zikiingia Kilindini. Bahari utaiona, kuogelea ndiko hakupo, maana pale ni mwamba uliokatika wima. Ukimaliza Ijumaa, hamisha begi lako uende Bamburi kwa wikendi.

Hakikisha tu kwamba mafunzo ni Kilindini penyewe, kisiwani. Shughuli nyingi za bandari hufanyikia bara, Changamwe na Port Reitz. Ikiwa ni huko, usilale kisiwani: tafuta malazi upande huohuo wa Makupa, mbali kidogo na barabara ya malori, kwa sababu yanapita usiku na mchana.

*Sisi ni dada wawili, tunatamani kulala Mji wa Kale wenyewe na si kuutembelea tu. Watu wanatutisha: mara kelele, mara giza, mara mavazi. Mnatushauri nini?*
Wa Kisumu

Njooni. Hakuna mtaa mwingine Mombasa ambapo mgeni hulala ndani ya mji unaoishi kwa namna yake yenyewe, na usiku mmoja hapo una thamani kuliko ziara tano za mchana. Ila ujueni kabla hamjalipa.

Nyumba ni za zamani, ndefu na nyembamba, na ngazi zake ni kali. Vyumba vya chini ni vya giza na joto, hewa iko juu, na paa ndilo sebule ya jioni. Ombeni ghorofa ya juu, lakini muwe na begi la mgongoni, si sanduku la magurudumu. Tuktuk inapita Ndia Kuu. Vichochoro vya ndani, Kibokoni au Kuze, haingii. Mtatembea hatua za mwisho, na usiku wa kwanza mtapotea. Mwambieni mwenyeji awapokee Fort Jesus, kwa sababu hapo kila dereva anapajua, kisha awatembeze njia mara mbili: ya kuja na ya kurudi. Gari binafsi lisije kabisa. Kama mnalo, liegeshwe nje ya mji penye mlinzi.

Kelele zipo, na zina saa zake. Adhana ya alfajiri huja saa kumi na moja au kabla yake kidogo, kutoka misikiti kadhaa, kila mmoja na sauti yake. Baada ya hapo mikokoteni, kisha watoto wa madrasa. Usiku, kinyume chake, mji hunyamaza mapema. Mwenye kulala mpaka saa nne hapa si pake.

Mavazi ni jambo jepesi: mabega na magoti yafunikwe, leso iwe begani ya kujitanda. Pombe haiuzwi wala hailetwi chumbani. Mkipita penye watu wamekaa barazani, salimuni. Si adabu tu. Baraza ndilo jicho la mtaa. Wazee waliowajibu salamu asubuhi ndio watakaowaelekeza usiku mkipotea, na ndio watakaomkemea kijana anayewafuata. Picha ya mtu iombwe kwanza. Usiku rudini kwa Ndia Kuu penye taa, na simu zikae mfukoni.

Wakati wa Ramadhani mpango unageuka: mchana migahawa mingi ya hapo imefungwa, magharibi mji unafumka kwa harufu ya viazi karai na mishkaki, na watu hawalali. Siku nyingine zote, asubuhi ni mahamri na mbaazi, na jioni muuza kahawa tungu anapita akigonga vikombe vyake. Kunyweni na kashata.

*Nililipia nyumba ya "mbele ya bahari" Shanzu kwa wiki. Nilipofungua dirisha asubuhi bahari haikuwepo! Mchanga, matope na mawe hadi mbali, maji ya kifundoni. Jioni ikarudi, siku za mwisho ikawa kinyume. Juu ya hayo maji ya bafuni yalikuwa ya chumvi, sabuni haitoi povu, na siku ya tatu yakakatika. Je, nilidanganywa?*
Msomaji, Machakos

Kuhusu bahari, hukudanganywa. Ulifika wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kutoa kupita kawaida. Fuo za Nyali, Bamburi na Shanzu ziko nyuma ya mwamba unaokinga mawimbi makubwa. Kati ya mwamba na mchanga ni kina kifupi, na maji ya Mombasa hupanda na kushuka mita tatu hadi nne wakati wa bamvua. Yakitoa, yanatoa kwelikweli.

Jambo hili linapangika, na kalenda ya mwezi inatosha. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kuanzia mwezi mosi na mwezi kumi na nne, ikizidi siku moja au mbili baadaye. Siku hizo Mombasa maji hupwa kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi na hujaa kama saa kumi jioni. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Baada ya wiki, mwezi saba, nane, na tena ishirini na mbili, huwa maji mafu: hayajai sana wala hayatoi sana, na kujaa kwake kunaangukia asubuhi. Ndiyo maana siku zako za mwisho zilikuwa kinyume.

Mwenye watoto wanaopenda kuoga baharini asubuhi achague wiki ya maji mafu. Mwenye kupenda kutembea mpaka mwambani na kutazama viumbe kwenye madimbwi achague bamvua, avae viatu vya mpira vyenye soli ngumu, kwa sababu kuna viumbe vya miiba mirefu myeusi inayokatikia ndani ya ngozi. Na aanze kurudi mara maji yanapogeuka. Yanaporudi hayaji kwa mstari kutoka mbele. Yanajaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako.

Kuhusu maji ya bafuni, ulistahili kuambiwa. Maji matamu ya Mombasa yanatoka mbali, Mzima kule Tsavo na Baricho kwenye mto Sabaki, na hayatoshi, kwa hiyo yanagawiwa kwa zamu. Nyumba nyingi za karibu na bahari zina kisima, na kisima cha karibu na bahari ni cha chumvi. Kuoga unaoga, lakini nywele hukakamaa, sabuni haitoi povu, na chai haipikiki. Kabla ya kulipa, uliza hivi: maji ya bafuni ni ya mfereji au ya kisima? Ya kupikia nayo? Tangi ni la lita ngapi na ni la nyumba ngapi? Fanya hesabu ya lita hamsini kwa mtu kwa siku. Watu watano ni 250, basi tangi la lita 1,000 lililo lenu peke yenu linawafikisha siku nne. Likiwa la nyumba sita, halimalizi siku moja.

Maji yako yalikatika siku ya tatu. Tunadhani sababu mojawapo ya mbili. Ama tangi liliisha kabla ya zamu ya mfereji, ama stima ilipotea na pampu ikasimama. Kwenye jengo la ghorofa maji hayapandi bila pampu. Kwa vyovyote, usiku wa kwanza jaza ndoo mbili uziweke bafuni. Wauza maji wa mikokoteni hupita na madumu ya lita ishirini, na mlinzi wa geti huwa anajua wanakopatikana.

Neno kuhusu malipo, kwa kuwa wengi wameuliza. Usitume pesa zote kwa picha. Mpigie mwenye nyumba kwa video, atembee moja kwa moja kutoka getini hadi kitandani bila kukata, afungue bomba la bafuni ukiona, kisha atoke hadi baharini. Anayeikodisha nyumba kweli hachukui dakika tano kufanya hivyo. M-Pesa hukuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijakwenda. Likitofautiana na jina ulilopewa, simamisha.

*Baba yangu amepewa rufaa Hospitali Kuu ya Pwani. Tutakuwa wawili wa kumwangalia, labda wiki mbili. Tulale wapi?*
Mwana, Taveta

Pole, ndugu. Ukifika mjini uliza "Makadara". Ndivyo watu wanavyoiita. Lala kisiwani karibu nayo, Tononoka, Buxton au Tudor, mahali ambapo mmoja wenu anaweza kuitwa usiku akafika kwa miguu au kwa tuktuk ya dakika chache. Usivutwe na bei ya Kisauni au Likoni. Nauli ya watu wawili mara mbili kwa siku italila punguzo hilo, na foleni ya daraja au ya feri itawakuta saa ile daktari anapopita wodini. Omba bei ya wiki badala ya bei ya siku, na chumba chenye ruhusa ya kupika: uji wa mgonjwa mtautengeneza wenyewe.

*Nina siku tano. Nataka Diani, Mji wa Kale na Bustani ya Haller. Nalala Diani nitembelee kutoka huko, sivyo?*
Msafiri, Thika

Sivyo. Diani iko Kwale, zaidi ya kilomita thelathini kusini ya kivuko, na Haller iko kaskazini ya kisiwa. Ukilala Diani, siku moja ya Haller inakuvusha feri kwenda, Daraja la Nyali kwenda, kisha vyote viwili kurudi. Feri kwa mtu wa miguu haina malipo na kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Kinachokula muda ni kungoja, hasa asubuhi kwa wanaoingia kisiwani na jioni kwa wanaorudi Likoni. Mwenye gari analipa, na ndiye anayekaa foleni zaidi.

Igawe safari. Usiku mbili za kwanza lala kisiwani au Nyali, umalize Mji wa Kale na Haller. Siku ya tatu hama mara moja tu, mchana kati ya saa tano na saa nane wakati feri ina nafasi, ukalale Diani usiku zilizobaki. Kama unakuja kwa gari kutoka Nairobi, au umechukua teksi Miritini, na unataka kuanza na Diani, pita barabara ya Dongo Kundu. Inaanzia Miritini, inavuka mikono ya bahari kwa madaraja na kutokea kwenye barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, nawe hujaingia kisiwani wala hujaiona feri. Mwambie dereva kabla hamjaondoka stesheni, na mkubaliane bei ya njia hiyo, kwa kuwa ukimtajia Diani tu anaweza kukupeleka Likoni kwa mazoea.